Punje ya Nyumba ya Kwanza

Namba ninayoizungumzia ni hii: 18,446,744,073,709,551,615. Ukiweka punje moja ya mchele kwenye nyumba ya kwanza ya ubao wa sataranji, mbili kwenye ya pili, nne kwenye ya tatu, ukaenda ukizidisha kwa mbili mpaka nyumba ya 64, kisha ukajumlisha punje zote, utaipata hiyo. Kisa cha mfalme aliyeombwa ujira huo kinajulikana, sina haja ya kukirudia. Ninachopenda watu wetu wakijue ni kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kuiandika namba hii kamili, bila kuacha tarakimu, alifika pwani yetu yeye mwenyewe.

Ni Abul-Hasan al-Masudi, mtu wa Baghdad, aliyefariki Fustat, Misri, mwaka 956. Katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab anasimulia safari zake katika Bahari ya Zanji. Alifika kisiwa cha Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanakiona kuwa ni Pemba, na mara yake ya mwisho aliondoka huko kwenda Oman mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917. Anasema alishasafiri bahari nyingi wala hakuona yenye hatari kuliko hii. Katika kitabu hichohicho, anapozungumzia Bara Hindi na michezo ya wafalme wake, anaitaja sataranji, anaiandika namba yetu, halafu anaongeza jambo lililonishughulisha muda mrefu: kwamba Wahindi waliona siri ndani ya jumla ile, wakaifungamanisha na Sababu ya Kwanza, ile iliyo juu ya falaki zote na ambayo mambo yote yanaishia kwake.

Mimi nimefundisha hesabu katika shule za sekondari za Mombasa mpaka nikastaafu, na kabla ya shule nilipita chuoni, Mji wa Kale, kwa maalim aliyetufundisha kusoma huku tukitingishika mbele ya juzuu. Kwa hivyo swali la Wahindi wale silioni kuwa la watu wa kale waliokosa kazi. Nalichukua kwa uzito. Je, kuna namba iliyo karibu na Mungu kuliko nyingine? Na kama ipo siri ndani ya namba, ni ipi?

Alasiri nyingi huwa katika bustani ya Mama Ngina. Pale palitengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019. Kuna ngazi na viti vinavyoelekea baharini, na mibuyu mikubwa imebaki nyuma ya wauza madafu na mihogo ya kukaanga. Mkondo wa meli uko karibu sana na ukingo. Meli ikiingia Kilindini unalisoma jina lake, unayaona mabati ya makontena yalivyopauka kwa chumvi. Kijana mmoja niliyemfundisha, sasa yuko kazini bandarini, hupita hapo akitoka zamu ya mchana, na siku moja nilimwandikia namba ile nyuma ya karatasi ya mihogo. Akaitazama kwa muda.

"Mwalimu, hebu tuihesabu kwa makontena," akasema.

Tukaihesabu. Kilo moja ya mchele tuliikadiria punje 40,000. Kontena la futi 20 tukalipa tani 25. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia makontena takriban milioni 2 kwa kipimo hicho cha futi 20. Tukafanya kila kontena liwe na mchele huo tu, hakuna mitumba, hakuna chuma, hakuna majani ya chai yanayotoka. Ingetuchukua zaidi ya miaka 9,000 kuupitisha mchele wa ubao mmoja wa sataranji mbele ya ngazi zile tulizokalia.

"Subhanallah," akasema. "Basi hii, Mwalimu, yakaribia isiyo na mwisho."

Nikamwambia haikaribii hata kidogo. Miaka 9,000 ikiisha, kontena la mwisho litashushwa, karani atapiga mhuri na kwenda zake nyumbani. Namba ile ina mwisho, na mwisho wake unajulikana mpaka tarakimu ya mkono wa kulia kabisa. Ongeza punje moja, umeipita. Izidishe kwa yenyewe, na mbele yako pamebaki palepale palipokuwa. Aliyesimama kwenye moja na aliyesimama kwenye namba yetu wote wana mbele yao kitu kilekile, na hakuna aliyekipunguza. Nilimkumbusha aya ya sura ya Luqman inayotaja miti yote ya ardhini kuwa kalamu, na bahari kuwa wino na kuongezewa bahari saba. Aya ile haitupi namba. Haisemi maneno ya Mungu ni mengi kiasi fulani. Inasema kitakachokwisha ni wino. Bahari hii tunayoitazama, pamoja na wenzake saba, ni kitu cha kukauka.

Kwa hiyo Wahindi wa al-Masudi, ikiwa walidhani siri imo katika ukubwa, sikubaliani nao. Ukubwa wa namba unatushtua sisi kwa sababu sisi ni wadogo.

Imam Ghazali alikuwa na kipimo kizuri cha jambo hili. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, aliwabana wanafalsafa waliodai kwamba mbingu zimezunguka tangu milele, bila mwanzo. Aliwauliza: mizunguko hiyo ni shufwa au witiri? Mkisema shufwa, basi ilipungua mmoja tu kuwa witiri. Sasa kisicho na mwisho kimepungukiwaje na kimoja? Ibn Rushd alimjibu katika karne iliyofuata kwamba shufwa na witiri ni sifa za vitu vyenye mipaka, kwa hivyo swali lenyewe halishiki. Watu wamewagombanisha mabwana hawa wawili kwa miaka mia nane, lakini kwangu mimi wanakutana mahali pamoja: kinachoweza kuulizwa kama ni shufwa au witiri ni kitu chenye mpaka, ni kitu cha upande wetu.

Namba yetu inaulizika, na jibu lake ni witiri. Na hapo ndipo nilipoanza kuipenda, maana sababu ya kuwa witiri ni jambo la kukaa nalo. Nyumba ya pili ina punje mbili, ya tatu nne, ya nne nane. Nyumba zote, kuanzia ya pili mpaka ya 64, ni shufwa. Shufwa ukiijumlisha na shufwa unapata shufwa, hata ufanye hivyo mpaka kesho. Nyumba 63 zote hizo, na mali yake yote isiyobebeka, haziwezi kamwe kuifanya jumla iwe witiri. Kinachoigeuza ni punje moja ya nyumba ya kwanza.

Tazama tena. Nyumba ya mwisho peke yake ina punje 9,223,372,036,854,775,808. Nyumba 63 zilizoitangulia, ukizichanganya zote, zina punje 9,223,372,036,854,775,807. Nyumba ya mwisho imewazidi wenzake wote kwa punje moja. Popote utakaposimama kwenye ubao ule ni hivyohivyo: nyumba uliyopo inazizidi zote zilizopita kwa moja, wala si zaidi. Ile moja haikumezwa na wingi, imesafiri nao mpaka mwisho.

Kila mtoto aliyelelewa mitaa yetu anajua kwamba usiku hufungwa kwa swala ya witiri, na kwamba Mtume alifundisha kuwa Mungu ni mmoja na anapenda witiri. Sisemi kwamba ubao wa sataranji ni ushahidi wa tauhidi. Tauhidi haihitaji mchele. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekwenda kuutafuta Umoja kwenye nyumba ya 64, penye wingi wa kutisha, alipita mlango wake alipoanza.

Sasa niingie ndani ya namba yenyewe, maana hapa ndipo penye utajiri. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, aliifikia namba hii karibu mwaka 1000 kwa njia ya mkato. Hakuhangaika kuzidisha kwa mbili nyumba baada ya nyumba. Aliona kwamba hesabu ya nyumba ukiizidisha kwa yenyewe, unaruka mbali mara mbili. Darasani nilikuwa nikiifuata njia hiyo kwa chaki, nikiwapa vijana nafasi ya kuniwahi. Mbili mara mbili, 4. Nne mara nne, 16. Kumi na sita kwa yenyewe, 256. Hiyo kwa yenyewe, 65,536. Hapo wengine huanza kuchoka. Hiyo nayo kwa yenyewe, 4,294,967,296. Mara moja tena, na umefika ukingoni mwa ubao. Toa moja, unayo namba yetu. Kujizidisha mara sita tu.

Na kwa sababu umetoa moja, namba inafunguka. Kidato cha pili tulifundisha kwamba kipeo cha pili ukikitoa moja, kinapasuka vipande viwili: kimoja kimepungua moja, kingine kimezidi moja. Kipande kilichopungua nacho kinapasuka vivyo hivyo, na kinachofuata, mpaka ufike chini. Vinavyobaki mkononi ni zile namba sita za njiani, kuanzia mbili, kila moja imeongezewa moja: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Zizidishe zote na utapata punje zote za mfalme. Nimelifanya jambo hili mbele ya madarasa mengi wala sikuchoka kuona nyuso zinavyobadilika pale mstari wa mwisho unapokubali.

Siku moja kijana wa nyuma alisimama akasema, "Ticha! Tatu ni rakaa za witiri. Tano ni swala tano. Kumi na saba ni rakaa za faradhi kwa siku!" Ni kweli: mbili, nne, nne, tatu, nne, ni kumi na saba. Darasa likachangamka, mmoja akatoa takbiri. Nikawaacha wafurahi kidogo, kisha nikawauliza: na 257 ni nini katika ibada zetu? Na 65,537?

Jambo hili si la kuchezea. Miaka ya 1970 Mmisri aliyeishi Marekani, Rashad Khalifa, alitangaza kwamba Qurani imejengwa juu ya namba 19. Wengi walimsikiliza, kwa sababu moyo unapenda kuona muhuri. Mwisho wake hesabu zilipokataa kutimia, alizikana aya mbili za mwisho za sura ya Tawba. Yaani kilichokuja kama ushahidi wa Kitabu kiligeuka kuwa hakimu wa Kitabu. Mtu anayechagua namba zinazomfurahisha na kuziacha 257 na wenzake nje ya mlango hasomi namba. Anajisoma mwenyewe. Namba ukiiheshimu lazima uichukue na vigawo vyake vyote, na hivyo visivyotujua kabisa.

Kipande cha sita ndicho kilichonifundisha zaidi. Tano za mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni namba tasa, hazigawanyiki. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba kila namba inayopatikana kwa njia hii itakuwa tasa, milele. Imani yake ilikaa karibu miaka mia. Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa St Petersburg, Urusi, alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Mtu yeyote mwenye kalamu na robo saa anaweza kuzidisha mwenyewe. Namba yetu basi ina vigawo tasa saba, kila kimoja kimeingia mara moja, na kwa hivyo namba zinazoigawa bila baki ni 128, si 127 wala 129.

Al-Masudi aliandika namba hii karne nane kabla ya Euler. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyeijua 641 kabla ya hapo. Lakini 641 ilikuwamo. Ilikuwamo katika namba ya al-Masudi, wino ukiwa haujakauka. Ilikuwamo wakati watu wa Qanbalu wanauza pembe za ndovu kwa majahazi ya Oman na hakuna aliyekuwa na shughuli nayo. Kila tarakimu ya 6,700,417 ilikuwa mahali pake. Ilikuwa wapi?

Mwenzangu tuliyefundisha pamoja, yeye wa fizikia, haamini kwamba hilo ni swali. Tunakaa naye hapohapo Mama Ngina, na si mbali nasi huwa kuna wazee wa bao. "Hesabu ni kama bao lile," huniambia. "Watu wametunga kanuni, kisha wanashangaa zinavyotoka. Hiyo 641 yako imetoka kwenye kanuni zetu wenyewe."

Mfano wake naupenda, kwa sababu bao letu nalo lina kete 64, sawasawa na nyumba za sataranji, na mashimo 32. Kanuni zake ni kweli zimetungwa na watu: ngapi uanze nazo ubaoni, ngapi zibaki ghalani, lini utakate. Wazee wakikubaliana kesho wanaweza kuzibadilisha. Lakini njia za kuzigawa kete 64 katika mashimo 32 zinakaribia 1 yenye sufuri 25 nyuma yake, zaidi ya mara laki tano ya punje zote za ubao wa sataranji. Idadi hiyo hakuitunga mzee yeyote. Aliyechonga bao la kwanza hakuijua, na hata angeichukia asingeweza kuipunguza kwa moja. Waliocheza bao tangu lianze hawajapata kuona hata sehemu ndogo ya mipangilio hiyo, na idadi iko vilevile. Tunachagua mchezo, hatuchagui kilichomo ndani yake. Fermat alikuwa mmoja wa akili kubwa kupata kutokea Ulaya, na alitaka 4,294,967,297 iwe tasa. Ikakataa. Kitu nilichokitunga mwenyewe hakinikatalii namna hiyo.

Aya ya mwisho ya sura ya Jinn inataja kwamba Mungu amekidhibiti kila kitu kwa idadi. Utotoni niliielewa kuwa ni habari ya vitu: majani yamehesabiwa, mchanga wa Nyali umehesabiwa, nywele zimehesabiwa. Baada ya maisha ya kufundisha naielewa pia upande wa pili. Idadi zenyewe zinajulikana, ndani na nje, na kilichomo ndani ya kila moja. Siri waliyoitafuta Wahindi wa al-Masudi naiona hapo. Namba ambayo hakuna kiumbe atakayeihesabu punje kwa punje, maana ukitaja moja kila sekunde utahitaji zaidi ya miaka bilioni 580, bado ina umbo kamili, na umbo hilo ni la kweli kabla yetu. Ukweli usiomtegemea anayejua miongoni mwetu unakaa kwa nani? Sina jibu lingine isipokuwa lile nililolelewa nalo, na sioni haya kulisema mbele ya mwalimu wa fizikia.

Yeye hurudi na hoja hii, na ni hoja nzito: ukweli unaweza kuwapo bila kukaa kwa mtu. Kwamba 641 inaigawa namba ile ni kweli, basi, na "kujulikana" nimekuongeza mimi. Nakiri kwamba hesabu peke yake haiwezi kumshinda hapo. Kutoka kwenye "ni kweli" mpaka "kuna Anayejua" kuna hatua, na hatua hiyo mimi naivuka kwa imani, nikiwa macho wazi.

Lakini kuna mahali ninapombana. Ongeza mbili kwenye namba yetu, upate 18,446,744,073,709,551,617. Hiyo ndiyo hatua ya saba ya Fermat. Mwaka 1880 Fortuné Landry, Mfaransa mzee wa miaka zaidi ya themanini, alikipata kigawo chake 274,177. Waliokuja baadaye wamezichunguza nyingine nyingi zinazofuata, wala hakuna aliyepata tasa ya sita. Zile zile tano: 3, 5, 17, 257, 65,537. Je, iko ya sita mahali fulani mbele? Mpaka leo haijulikani. Ya kwanza katika mfululizo ambayo hata hali yake hatuijui ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, kuiandika tu kungehitaji maktaba.

Maulamaa wetu wakimaliza fatwa huandika Allahu aalam. Wengine huyasoma maneno hayo kama adabu ya kufungia barua. Mimi nayasoma kama dai: kwamba jibu lipo, limetimia, hata kama halijatufikia. Nilimuuliza mwenzangu kuhusu tasa ya sita: ipo au haipo? Akasema ni mojawapo, hakika. Nikamuuliza: hakika tangu lini? Akaagiza mihogo mingine, tukaendelea mpaka adhana ya magharibi, na bado hajakubali.